Mizani Haioni Nta

Mwezi Oktoba 2025 bei ya fedha ilivuka dola 50 kwa aunsi katika masoko ya dunia, ikaipita rekodi iliyokuwa imesimama tangu Januari 1980. Mimi nina karakana ndogo katika Mji wa Kale wa Mombasa, na habari hiyo sikuisoma gazetini. Ilinijia mlangoni, imefungwa kwenye ncha ya leso. Walianza kuingia watu ambao miaka yote walikuwa wakipita tu: mama mwenye kikuku cha marehemu mamake, mzee mwenye mkufu uliokatika, vijana walioshika simu wakiwa wameshaifungua bei ya siku. Salamu haijaisha, swali limeshafika: "Gramu unachukua kwa ngapi?"

Kijana mmoja alikuja na mtali wa zamani, mnene, wenye uwazi ndani. Ulikuwa na nakshi za maua zilizopigwa kwa tindo, na upande mmoja zilikuwa zimelika zikawa kivuli, pale ulipokuwa ukisuguana na mwenzake wa mguu wa pili.

"Wa nani huu?"

"Wa bibi. Siku hizi nani atauvaa, dada?"

Nikampigia hesabu. Fedha nyingi ya zamani ya pwani ilitoka kwenye riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780 hata kama zilipigwa chapa miaka mia moja baadaye. Usafi wake ni 833 kwa elfu. Mtali wake ulikuwa na gramu 120, kwa hiyo fedha safi iliyomo ilikaribia gramu 100, na kwa kuwa gramu ilikuwa imezidi kidogo shilingi 200 za Kenya, thamani yake ilikuwa shilingi elfu ishirini hivi, kabla mnunuzi hajakata chake. Nikamwomba aniachie kwa muda niuchukulie kalibu ya mpira, ili umbo libaki hata kama fedha itaondoka. Akasema mnunuzi wa mtaa wa pili anatoa pesa taslimu sasa hivi. Akaaga kwa adabu, akaenda. Simlaumu, karo ya shule haingoji kalibu.

Lakini tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni lini tulikubaliana kwamba pambo ni uzito wake. Siwezi kujitia mgeni wa jambo hilo, maana mizani ndiyo iliyonilea.

Mjomba wangu alikuwa mfua fedha Lamu. Duka lake lilikuwa kwenye kichochoro ambacho punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma, na mimi nikitoka chuoni nilikuwa nikikaa kwenye baraza yake hadi magharibi. Alikuwa na fuawe dogo lililochomekwa kwenye gogo la mkoko, tupa zilizopangwa kwa ukubwa, bamba la chuma lenye matundu la kuvutia waya, na mizani ya sahani mbili iliyotundikwa juu, mbali na mikono ya watoto. Uzito wake ulikuwa wakia, na wakia moja ilikuwa uzito wa riale moja. Mteja alileta riale zake au mapambo yaliyovunjika, zikapimwa mbele yake, akarudi baada ya siku kadhaa kuchukua banagiri au kekee, nayo ikapimwa tena mbele yake.

Nimewasikia wasanii wa siku hizi wakiisema vibaya mizani ile, nami nadhani wanaikosea. Mizani ilikuwa kinga ya mnyonge. Mwanamke aliyekuwa na akiba yake yote mguuni hakuwa na njia nyingine ya kujua kama fundi hakumwekea shaba. Mjomba alijua hivyo, ndiyo maana kila jioni alifagia chini ya fuawe kwa brashi ya nywele, akayakusanya mavumbi ya fedha katika kopo, na mteja akilalamika kwamba pambo limepungua, kopo likaletwa. Jina lake mjini lilisimama juu ya kopo lile.

Nililoliona kwenye baraza, nikiwa mtoto nisiyelielewa bado, ni namna malipo yalivyokwenda. Uzito haukuwa na mjadala. Ukishapimwa umepimwa. Ujira ndio uliokuwa na mjadala. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mwenye uwezo wake, aliweza kukaa saa nzima akiupunguza ujira wa nakshi, huku akinywa kahawa ya mjomba, na mwisho akatoa kiasi ambacho hata mkaa uliochomwa haukurudi. Mjomba alicheka, akapokea. "Fedha ni yake," aliniambia baadaye, "mkono ni wangu, na mkono hauishi." Wakati ule niliona ni maneno ya ukarimu. Siku hizi naona ndipo hasara ilipoanzia.

Nta nayo niliikuta pale pale. Ilikuwa donge la nta ya nyuki, la rangi ya asali iliyoungua, lililonunuliwa kwa wauza asali watokao upande wa msitu wa Boni. Mjomba aliitumia kulainisha waya unapopita kwenye tundu, kulainisha msumeno, na kuokotea vipande vya vigae vya kaure vya Kichina alivyokuwa akivitia kwenye pete. Alinikatia kipande nicheze nacho. Nilifinyanga kasa, ngamia, jahazi lisilo na tanga. Siku moja alikuwa na mabaki ya fedha kidogo, akachukua mfupa wa dome ulioletwa na maji ufukweni, ule mweupe mwepesi unaokwanguka kwa ukucha, akaukata vipande viwili, akachimba ndani yake umbo la kasa wangu kwa ncha ya kisu, akavifunga pamoja kwa waya, akamimina. Ulinuka nywele zilizoungua. Kasa alitoka na michirizi ya mfupa mgongoni, mistari myembamba kama alama za kidole, ambayo hakuna mtu aliyeichora. Ninaye hadi leo.

Kufua hakunifundisha. Kazi ya moto wakati ule haikudhaniwa kuwa ya msichana, na yeye hakuwa mtu wa kugombana na dada yake juu ya jambo hilo.

Shuleni walitupeleka makumbusho ya Lamu, pale ufukweni, kuziona siwa mbili: ile ya Pate ya pembe ya ndovu, na ile ya Lamu ya shaba, zilizokuwa zikipulizwa kwenye harusi na shughuli za wakubwa. Niliishangaa ya shaba kwa sababu haikuwa na alama ya nyundo, na macho yangu yalikuwa yamezoea kuitafuta alama ya nyundo kwenye kila chuma. Mwenyeji wetu alieleza kwamba ilimiminwa kwa njia ya nta: unachonga umbo zima kwa nta, unalifunika kwa udongo, unalichoma hadi nta inatoka yote, kisha shaba inaingia pale nta ilipokuwa, na udongo unavunjwa. Mafundi wa Igbo-Ukwu na wa Benin, kule Nigeria, walikuwa mabingwa wa njia hiyo hiyo karne nyingi zilizopita. Watoto wenzangu walitaka kujua kama siwa inaweza kupulizwa. Mimi nilitaka kujua nta iliyochongwa ilikwenda wapi. Nilijibiwa kwamba iliungua.

Nikaenda Mombasa kusoma, na kwa mzunguko wa maisha nikaishia kwenye maabara ya meno. Si kliniki yenye kiti na taa. Ni chumba cha nyuma ambako mafundi hutengeneza meno bandia, vikombe vya kufunika jino na madaraja yake. Somo la kwanza lilikuwa kuchonga meno kwa nta. Unapewa kipande cha mraba na kisu, na unatakiwa utoe gego la chini lenye vilima vyake na mabonde yake, ukubwa wake sawasawa. Mzee aliyetufundisha alikuwa haangalii sehemu ya juu ambayo kila mtu anaipamba. Alikuwa akiligeuza jino upande wa shingo, pale linapokutana na ufizi, akapitisha ukucha. Ukucha ukikwama, unaanza upya. "Ukikosea kwenye nta utapata chuma kilichokosewa," alisema, "na chuma hakikuombi radhi."

Humo ndimo nilimokutana tena na njia ya siwa, safari hii ikiwa na koti jeupe. Mwaka 1907 daktari wa meno wa Marekani, William Taggart wa jimbo la Illinois, aliwaonyesha wenzake mjini New York namna ya kumimina kijazo cha dhahabu cha jino kutoka kwenye umbo la nta. Akaipatia hataza, akawashtaki waliomwiga, akashindwa mahakamani kwa kuwa daktari mwingine wa Iowa alikuwa ameshaieleza njia hiyo mwaka 1897. Mafundi wa mapambo nao wakajifunza kutoka kwa wa meno, ndiyo maana hadi leo visu vya kuchongea nta vya sonara na vya fundi wa meno ni vilevile.

Tulikuwa na tanuri la umeme, na mashine ya mkono wa springi: unauvuta, unaufunga, unayeyusha metali kwenye chungu chake, unauachilia, nao unazunguka kwa kasi ukiisukuma metali iingie kwenye kila pembe kabla haijaganda. Tulimimina nikeli na kromi. Na hapa ndipo nilipoanza kuona tofauti. Katika miaka yangu yote ya maabara sikumsikia mgonjwa hata mmoja akiuliza kikombe cha jino lake kina gramu ngapi. Aliuliza kama kitamkaa. Kikimkaa alilipa, na alilipa vizuri. Nta ile ile, moto ule ule, mashine ile ile. Lakini kitu kile mtu akikitia mdomoni analipia mkono wa fundi, na akikivaa kidoleni analipia chuma.

Baada ya saa za kazi mwenye maabara aliniruhusu kutumia tanuri kwa mambo yangu. Nilitaka pete ya pweza. Kila mtu wa Lamu amemwona pweza akipigwa kwenye mwamba ili alainike, na nilitaka yule ambaye bado hajapigwa: kichwa kimelala juu ya kidole, minyiri minane imezunguka na kupishana, mmoja umejikunja juu ya mwingine. Kwa nyundo kitu kama hicho hakitoki, au kitatoka vipande vipande vya kulehemu. Nta ya nyuki peke yake nayo haikufaa. Kwa joto la Mombasa ifikapo saa tano inashuka mkononi. Nilipata nta ngumu ya kuchongea, ile ya kijani, inayokubali tupa na msumeno na kutoa unga mkavu. Hata hiyo niliichonga alfajiri, na kulipokucha niliitia kwenye bakuli la maji.

Kuchonga umbo la nje kuna raha yake. Unapunguza kwa tupa, unakwangua kwa kisu, unapitisha sindano iliyopashwa moto kwenye taa ya spiriti ili kutia vishimo vya kunyonyea, kimoja kimoja, vikipungua ukubwa kuelekea ncha ya mnyiri. Kazi yenyewe ni upande wa ndani. Pete ikiachwa imejaa, itakuwa nzito, itamchosha anayeivaa, na sehemu nene huganda mwisho na kujivuta, ikaacha vitundu. Kwa hiyo unaigeuza, unakikomba kichwa cha pweza kwa ndani, ukiinua kila mara kwenye mwanga wa dirisha. Nta ya kijani ikibaki nyembamba mwanga unapenya, na unajifunza kuusoma unene kwa rangi. Ukizidisha kidogo tu, umetoboa.

Kuna hesabu ambayo kila mmiminaji anaijua: fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha na 75 za shaba nyekundu, ina uzito wa zaidi ya mara kumi ya nta ya umbo lilelile. Pete yangu kabla ya kukombwa ilikuwa gramu moja na nukta ya nta, ambayo ingekuwa gramu kumi na moja au zaidi za fedha. Baada ya kukombwa ilishuka hadi robo tatu ya gramu, na fedha yake ikawa chini ya gramu nane. Sasa fikiri kama sonara anayelipwa kwa gramu. Siku nzima ya kazi nzuri, ya ile sehemu ngumu kuliko zote, imekushushia bei. Anayeacha pete yake imejaa kama jiwe analala mapema na analipwa zaidi. Sijui biashara nyingine ambayo kipimo chake humwadhibu fundi kwa kadiri anavyoijua kazi yake.

Nikampandisha pweza kwenye kijiti cha nta, ambacho baadaye kingekuwa mfereji wa fedha, nikakiunga mahali palipo panene ili kila upande upate kunywa. Nikampaka plasta laini kwa brashi kwanza, maana kiputo cha hewa kikiganda kwenye nta kinakuwa kishanga cha fedha kwenye pete. Nikamsimamisha ndani ya kopo la chuma, nikajaza plasta, nikaacha ikauke. Jioni kopo likaingia tanurini. Joto hupandishwa polepole, kwanza nta itiririke, kisha hadi nyuzi 700 na zaidi ili mabaki yake ya kaboni yaungue kabisa, halafu linashushwa karibu na 500 na kungoja metali. Ni kazi ya usiku kucha.

Saa nane za usiku umeme ulikatika mtaa mzima, ukarudi adhuhuri.

Tulijaribu hivyo hivyo. Tulilipasha upya kopo, tukayeyusha fedha kwa boraksi hadi ikazunguka chunguni na kung'aa kama kioo, tukaachilia mkono. Plasta ilipovunjwa, kilichotoka ni kichwa cha pweza na vigutu vya minyiri mitatu. Ndani ya plasta mlikuwa na weusi. Nta haikuwa imeondoka yote, na fedha ilikuta njia zimezibwa, nyingine zimepasuka.

Mzee wa maabara aliokota kila kipande na kila kijipande kilichomwagika, akavipima. Akanionyesha mizani. Fedha yote ilikuwapo.

"Umepoteza nini?" akaniuliza.

Hakutaka jibu. Alitaka niitazame mizani ile na niielewe. Kwa mujibu wake hakuna kilichoharibika. Metali ile ile, uzito ule ule, kesho inayeyushwa tena. Kilichopotea kilikuwa robo tatu ya gramu ya nta, isiyofika bei ya kikombe cha chai, na ndani yake alfajiri zangu zote za mwezi ule. Kila mara ninapoona mtali ukitupwa chunguni nasikia swali lile, kwa sababu hesabu ni ile ile: fedha yote ipo, na umbo halipo.

Pweza wa pili nilimchonga upesi zaidi, maana mkono ulikuwa umeshaijua njia. Usiku ule umeme haukukatika. Kopo la moto likitiwa kwenye ndoo ya maji linanguruma, plasta inapasuka na kuwa uji mweupe, na inabidi ulitafute pambo kwa koleo bila kuona. Alitoka mzima, wa kijivu, mbaya kwa sura. Nikamlaza kwenye asidi, nikakata mfereji, nikapiga tupa, nikapiga msasa wa kukwaruza na wa kulainisha. Kutia weusi kwenye mikunjo nilitumia yai lililochemshwa: unaliponda likiwa moto, unalifungia pamoja na pete kwenye mfuko, na salfa ya yai inaifanyia fedha kazi ambayo dukani utaambiwa inahitaji dawa ya chupa. Kisha unasugua vilima ving'ae, mabonde yabaki meusi.

Nilimpelekea mjomba Lamu. Alivaa miwani yake ya kazi, akamgeuza pweza, akamgeuza tena.

"Umelehemu wapi?"

"Sikulehemu, mjomba."

Hakuamini. Alitafuta kiungo kwa kioo cha kukuzia, chini ya kila mnyiri, akafika hadi ndani ya kichwa nilipokomba, akapitisha ukucha kama alivyofanya mzee wa maabara, na hawa wawili hawakuwahi kuonana. Kisha, kwa mazoea, akampima, akanitajia bei: uzito, na juu yake ujira wa kawaida wa pete. Nikamsimulia habari ya nta, ya kukomba, na ya umeme. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi wewe, mwanangu, unauza kitu ambacho mteja hatakiona kamwe. Kimeungua." Akafikiri kidogo. "Muonyeshe kabla hakijaungua."

Sijapata ushauri wa biashara uliozidi huo. Nilipofungua karakana yangu niliweka sharti: mteja anayeagiza pambo la kuchongwa lazima aje aione nta. Aishike kiganjani, aivae kama ni pete, aseme paguswe wapi. Watu huja wakiwa na haraka na wanakaa. Mama mmoja aliyeagiza kidani cha bintiye aliyekuwa akiolewa aliniomba nimpe kisu, akachora mstari mmoja mwenyewe kwenye jani la mkadi, na mstari ule wenye kutetemeka umo kwenye fedha hadi leo. Wote walioiona nta walilipia kazi bila maneno mengi. Sina maelezo makubwa ya jambo hilo, ila kwamba wameona kitu chepesi mno kikichukua siku nyingi.

Si wote huja, bila shaka. Bwana mmoja alikuja na mizani yake ya mfukoni, ile ya betri. Nta hakutaka kuja kuiona, alisema ana shughuli. Alipokuja kuchukua banagiri aliipima kwenye kaunta yangu, akafungua simu, akazidisha. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Akaniambia nimemtoza mara nne ya fedha iliyomo. Nikamwambia ni kweli, na sehemu tatu ni kazi. Akalipa, maana harusi ilikuwa kesho yake, na hakurudi tena. Baada yake ndipo nilipobadilisha risiti. Siku hizi ina mistari miwili: fedha, kwa gramu na kwa bei ya siku ile, na kazi, kwa kiasi chake. Bei ya dunia ikipanda au ikishuka, mstari wa kwanza unacheza. Wa pili haujui habari za London wala New York.

Wapo wanaodhani adui wa kazi hii ni kompyuta. Kijana ninayemfundisha huchora pete kwenye skrini, akatuma faili, ikachapwa kwa mashine ya kuchapa umbo, nasi tukaimimina kama nta nyingine yoyote. Pete mbili za ndoa zinazotakiwa kufanana hazina njia bora zaidi ya hiyo. Sioni ugomvi. Mashine haikuzaliwa na wazo la pweza. Mtu alikaa akafikiri, na kufikiri kwake kunastahili mstari wake kwenye risiti. Mteja anayesema "si kompyuta imefanya?" ni yule yule wa mizani ya mfukoni, amebadilisha chombo tu.

Kuhusu mapambo ya zamani, bei ikiwa juu kama ilivyo, mengi yatayeyushwa na sitayazuia. Ninachoomba ni mpango. Mpira wa silikoni wa kuchukulia kalibu hauhitaji moto, kwa hiyo mtali wa bibi hauguswi na chochote kitakachoudhuru. Kalibu ikishakauka, unaweza kutoa nta yake wakati wowote, hata baada ya miaka, na kutoka kwenye nta ukapata pambo jipya lenye nakshi zile zile na mpauko ule ule wa ubavuni. Litakuwa dogo kuliko la asili kwa asilimia chache, kwa kuwa nta husinyaa na fedha husinyaa, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo mapema. Halitakuwa lile lililovaliwa. Lakini mjukuu wa kike atajua lilikuwaje.

Kwa hiyo, wewe mwenye leso yenye fundo: kabla ya kwenda kwa mnunuzi, piga picha pande zote, andika lilikuwa la nani na alilivaa lini, kisha lipitishe kwa fundi yeyote anayejua kalibu. Kwangu kulichukulia umbo pambo la kale hakuna malipo. Njoo nalo asubuhi tu, kwa maana jua likishapanda nta haishikiki.